Goti la Wamae na Mama wa Kanisani

Naro Moru,
11 Februari 2025

Kwako dadangu Warigia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanao Kahiga na wajukuu, na mahindi yenu bila wadudu. Sisi huku tu wazima, ukituangalia kwa mbali. Baridi ya Januari ilichoma viazi vyote vya upande wa mto, vya juu vimepona. Ng'ombe mweusi alizaa ndama jike, na Njoki anamtunza huyo ndama kuliko alivyowahi kunitunza mimi mumewe. Binti yetu Wendy bado anafanya kazi Nanyuki na bado anatutawala kwa simu.

Utauliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga. Simu yangu imekufa sehemu ya sikio. Siku hizi inaongea kwa spika tu, na neno ukilisema huko Kitale linasikika mpaka kwa kinyozi. Haya ninayotaka kukueleza sitaki kinyozi ayajue, ingawa nadhani anayajua.

Unakumbuka nilikuambia kwamba Daktari Mutahi, yule wa mifupa pale Nyeri, aliangalia picha ya goti langu la kulia akatikisa kichwa. Alisema mfupa unasaga mfupa, na nisipowekewa goti la chuma nitakuwa mtu wa kukaa kitini hadi mwisho. Mimi, Wamae, niliyebeba mizigo ya wageni mpaka kambi za juu mlimani, siku hizi nikienda chooni Njoki hunisubiri mlangoni ili anivute nisimame. Basi nilikubali, na tarehe ikawekwa.

Asubuhi hiyo nilioga kwa sabuni ya dawa kama nilivyoagizwa. Nikavaa shati langu la Krismasi, maana sikutaka kuonekana mtu wa hivi hivi. Hospitalini wakanivua hilo shati na kila kitu kingine, wakanipa gauni la kufunga nyuma ambalo halifungi. Kwenye kitanda cha pili alikuwa mzee wa Nanyuki, Ahmednoor, mchuuzi wa mbuzi na ngamia, naye akingoja goti lake. Dada, nilikuwa jasiri sana pale kitandani. Nilimwambia Ahmednoor asiogope, haya ni mambo madogo.

Halafu akaja daktari wa usingizi, mwanamke mpole mwenye miwani.

"Mzee, umekula kitu tangu jana usiku?"

"Aca, daktari. Sijakula kitu. Nimekunywa tu chai."

"Ati chai? Chai ya maziwa?"

"Sasa daktari, kuna chai ingine gani?"

"Ulikunywa saa ngapi?"

"Hii asubuhi nikitoka nyumbani. Lakini ni vikombe mbili tu."

Aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba maziwa hukaa tumboni kama chakula, na mtu akilazwa kwa dawa yanaweza kupanda yakaingia mapafuni, na huko ni kufa. Kwa hiyo siku yangu imefutwa, nirudi nyumbani ningoje tarehe nyingine.

Wewe unajua kwetu chai haihesabiwi. Mgeni akipewa chai tupu huenda akisema hakupewa kitu. Waliponiambia nisitie chochote mdomoni, mimi nilifikiria viazi na githeri. Ahmednoor alicheka mpaka akalishika goti lake. "Wamae, mimi nafunga mwezi mzima, na wewe asubuhi moja imekushinda?" Kisha wakaja wakamsukuma kwenda thieta kupasuliwa, yeye niliyekuwa nikimtia moyo, na mimi nikarudishiwa shati langu la Krismasi.

Kosa ni la Njoki aliyenimiminia. Nimemsamehe.

Ni mimi nduguyo, mwenye goti lile lile la zamani,
Wamae


Kitale,
16 Machi 2025

Kwa Wamae, mwana wa mama,

Nakusalimu, na umsalimie Njoki sana kuliko wewe. Barua yako ilikaa posta mpaka Kahiga alipokumbuka kuipitia. Huku mvua imeanza na tunapanda. Yaani Kahiga anapanda, mimi nimekaa barazani nikimwonyesha makosa yake. Wajukuu wamerudi shule baada ya likizo fupi na nyumba imepata utulivu. Paka alihama akarudi.

Sasa tuje kwa chai yako. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilipomaliza kucheka nikampigia Njoki. Njoki anasema asubuhi hiyo alikuwa zizini akikamua, na chupa ya chai alikuwa ameifungia kabatini makusudi, na ufunguo akauweka juu ya kabati. Wamae, mtu ambaye hawezi kutoka chooni bila kuvutwa alifikaje juu ya kabati?

Hukupanda huko kwa sababu ya kiu. Nitalisema usilotaka kulisema, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Unamfikiria baba. Aliingia hospitali kwa miguu yake, na sisi tukaenda kumchukua ndani ya sanduku. Hata mimi namfikiria, hasa jioni. Lakini baba alikwenda huko na ini lililokwisha, baada ya kujitibu kwa mizizi mwaka mzima. Hakuna aliyemgusa goti. Usimsingizie marehemu. Mwoga ni wewe.

Omba tarehe nyingine, na uende na tumbo tupu kama watu wengine. Ukishatoka niandikie siku yote ilivyokuwa, usiruke kitu hata kidogo. Wanakuvua nini na nini? Meno ya bandia hutolewa au unaachiwa? Ile sindano ya mgongo inauma kiasi gani? Ni kweli mtu husikia nyundo? Na mtu mwenye presha, anakunywa dawa yake asubuhi hiyo au haruhusiwi? Nauliza tu kwa kuwa napenda kujua mambo. Kuuliza si ujinga.

Dada yako akupendaye hata unapojiaibisha,
Warigia


Naro Moru,
22 Aprili 2025

Dadangu Warigia,

Tulipata Pasaka njema. Mchungaji alihubiri kirefu sana, nami nikabaki nimeketi wakati wengine wote waliposimama, kama balozi. Viazi vipya vimeota. Ndama amepewa jina la Wendy bila Wendy kuambiwa, kwa hiyo usilitaje kwenye simu.

Kuhusu kabati sina la kusema. Kuhusu baba pia sina la kusema.

Nimepewa tarehe 20 Mei. Njoki ametangaza kwamba mkesha wake atalala na chupa ya chai ubavuni kama mtoto mchanga. Daktari Mutahi amesema mguu umeanza kupinda na hataki kusikia habari ya tarehe ya tatu.

Krismasi ulisema unakuja, hukuja, ukasema ni wadudu wa mahindi. Nilikubali wakati ule. Lakini wadudu gani hao wanamzuia mtu kupanda basi?

Nduguyo,
Wamae


Naro Moru,
9 Juni 2025

Kwako dadangu Warigia,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hukujibu barua ya Aprili, na nilipokwenda kulazwa sikuwa na neno lako mfukoni. Njoki anasema nisinune, huenda ni posta. Basi sinuni, lakini nimekutajia. Huku kumenyesha vizuri, na tembo walipita shambani kwa jirani wakaliruka letu. Naona hata wao wamesikia kwamba mimi ni mgonjwa.

Naandika nikiwa mezani, mguu wa kulia juu ya kigoda. Ndiyo, dada. Limewekwa.

Uliniambia nisiruke kitu, kwa hiyo vumilia. Asubuhi hiyo sikunywa chai. Nilioga, nikaacha shati la Krismasi nyumbani. Hospitalini wakaniuliza jina langu, mguu gani, na nimekula nini. Wakaja tena wengine wakauliza hayo hayo, na wengine tena. Nilidhani hawaandiki, kumbe ndivyo kazi ilivyo, kila anayekupokea lazima ahakikishe mwenyewe. Mara ya mwisho nilijibu kabla hawajauliza. "Mimi ni Wamae, ni huu wa kulia, na sijakunywa chai." Wauguzi wote walicheka, nikajua habari zangu ziliandikwa mahali.

Walitaka pete. Pete yangu haijatoka tangu nioe, na wakaivuta kwa sabuni mpaka nikafikiri Njoki ananiacha. Meno ya bandia hutolewa na kuwekwa kwenye kikopo chenye jina lako, unarudishiwa ukitoka. Mimi niliyauliza kwa ajili yako tu, maana mimi nina meno yangu yote. Daktari Mutahi akaja na kalamu nene akachora alama kwenye goti lenyewe. Nilimwambia kwamba mimi nilikuwa nikibeba mizigo mlimani. Akasema, "Leo mzee ni wewe mzigo, tutakubeba."

Halafu wakanisukuma. Hapa nitaandika wazi, kwa kuwa wewe ulitangulia kuandika la baba. Nilikuwa nimelala chali, taa za dari zikipita juu yangu moja baada ya nyingine, nikajiuliza kama naye aliziona. Niliogopa, dada. Nililia. Muuguzi akaniuliza kama nasikia baridi, nikamjibu ndiyo, akanifunika blanketi la pili. Nilitaka mama. Mimi mzee mwenye wajukuu, nilitaka mama.

Thieta kuna baridi ya mlimani kabisa. Wanakukalisha, unainama, unakumbatia mto, na sindano inaingia mgongoni. Inauma kama kuumwa na siafu mmoja mwenye hasira, kisha miguu inapata joto, kisha huna miguu. Niliutazama mguu wangu wakiuinua nikafikiri ni wa mtu mwingine. Wakaweka pazia kifuani nisione.

Nyundo unaisikia. Sikudanganyi. Huisikii mwilini, unaisikia masikioni tu, kama fundi anayejenga kwa jirani. Nikamuuliza daktari kama misumari inatosha. Kisha nikaanza kuimba wimbo wa kanisa, na yule mama wa miwani akaniongezea dawa ya kusinzia. Sijui ilikuwa kwa sababu ya hofu yangu au ya sauti yangu.

Nilipozinduka nilikuwa natetemeka, wakasema ni kawaida. Nikaambiwa nichezeshe vidole na nyayo ili damu isigande. Nikafikiri sasa nitalala wiki nzima nikiletewa supu. Jioni hiyo hiyo akaja msichana wa mazoezi na fremu ya kutembelea.

"Mzee, sasa tusimame."

"Leo?"

"Hii leo."

"Lakini si mmenikata leo?"

"Ndio maana."

Nilisimama. Nilikwenda mpaka dirishani na kurudi, nikiwa nimesahau lile gauni lisilofunga nyuma, na wagonjwa wote upande ule wanaweza kushuhudia. Kesho yake dawa zilipoisha nguvu niliumia sana, hapo sitii chumvi wala sukari. Niliita Njoki mpaka akasema nimelimaliza jina lake. Lakini yale maumivu ya zamani, yale ya kusaga, yameondoka. Haya mapya yanapungua. Ahmednoor alipita kunisalimia akienda kliniki, bila fimbo, akanitazama akasema, "Kumbe njaa haikukuua."

Nduguyo mwenye goti la kiwandani,
Wamae


Kitale,
6 Julai 2025

Kwa Wamae, mwana wa mama,

Mungu ni mwema. Nilisoma barua yako mara nyingi, na Kahiga akaniuliza ninalia au ninacheka nikamwambia ashughulike na mahindi. Barua yako ya Aprili niliipata, na nisamehe kwa kutojibu. Kila nilipokaa kuandika sikujua niandike nini. Mahindi yamefika kifuani. Mjukuu mkubwa amevunjika jino akicheza mpira, na paka ameondoka tena.

Kuna mama mmoja hapa kanisani. Humjui. Ni mjane kama mimi na ana umri kama wangu. Goti lake la kushoto ni baya sana, na anakaa siku nzima kwenye kiti akijifanya anasimamia watu. Daktari wa huku alimwambia miaka miwili iliyopita kwamba lazima afanyiwe. Alikubali mbele ya daktari, akarudi nyumbani akakaa kimya, na watoto wake hakuwaambia. Nilimsomea barua yako, akataka niulize zaidi.

Anauliza hivi. Yeye ni mnene kuliko wewe, je, watakubali? Akitaka choo na hana miguu, inakuwaje? Aibu yake nani ataiona? Je, wanamruhusu mtu wake asimame karibu mpaka mlango wa thieta? Huyo mama hana mume tena, na anasema akifikiria kusukumwa kwenye ile korido bila uso anaoujua, anaona heri kiti.

Nimemwambia nitauliza, ndiyo hayo nimeuliza.

Dada yako,
Warigia


Naro Moru,
24 Julai 2025

Dadangu Warigia,

Tu wazima. Nimeacha fremu, sasa natembea na fimbo moja, na jana nilifika shambani nikang'oa shina moja la viazi kwa mkono wangu ili Njoki aone. Alisema shina hilo lilikuwa bado. Ndama anakua. Wendy amejua.

Mpe salamu huyo mama wa kanisani. Mwambie wanene wapo, kuna mmoja wadi yetu aliyekuwa mara mbili yangu na alitoka akitembea vizuri kunishinda. Watampima moyo na sukari na presha kwanza, na dawa ya presha watamwambia kama aimeze asubuhi hiyo kwa maji kidogo. Asijiamulie. Ndugu wa mtu fulani alijiamulia habari ya chai, na unajua yaliyompata. Choo, wanaweka mpira wa mkojo au wanaleta beseni, na wauguzi wameshaona makalio ya kaunti nzima. Aibu inaisha siku ya kwanza. Mtu wake anaruhusiwa mpaka mlangoni, Njoki alifika hapo.

Mwambie pia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Na umwambie ana ndugu mjinga aliyechukua miezi mingi kuelewa kwa nini mtu mwenye meno yake mwenyewe aliulizwa habari ya meno ya bandia. Ndugu huyo alikasirika alipoelewa. Alikaa nje na ndama akikasirika. Tuliwazika wazazi sisi wawili, tukamzika mume wako, na ukapata maumivu miaka miwili ukaniambia ni wadudu wa mahindi! Mimi nilikuandikia mpaka habari za gauni langu lililo wazi nyuma.

Mwambie nampenda. Hilo umwambie kwa sauti, awe peke yake ama kuwe na watu.

Nangoja tarehe ya huyo mama. Siyo majibu, tarehe.

Wamae


Kitale,
30 Agosti 2025

Wamae,

Leo sina habari za mahindi.

Nimemwambia Kahiga. Alilia mbele ya watoto, jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu mkubwa vile. Kesho yake akanipeleka. Wamenipima kila kitu na nimepewa tarehe 23 Septemba, hospitali ya hapa hapa mjini.

Naogopa. Nilikuita mwoga kwa sababu nilikuwa najiona mimi mwenyewe, na ilikuwa rahisi kulisema kwa jina lako.

Usije. Goti lako bado changa na huku ni mbali. Kahiga atakuwepo, lakini ana moyo mwepesi na huenda akalazwa kabla yangu. Niombee tu.

Warigia


Naro Moru,
12 Septemba 2025

Dadangu,

Nimeituma hii kwa gari la vifurushi ili ifike kabla ya siku yako.

Daktari Mutahi ameniruhusu, mradi tusimame kila mara ninyooshe mguu. Kwa hiyo Wendy ananileta kwa gari lake, na tutasimama Nyahururu, tutasimama Nakuru, tutasimama Eldoret, na mahali popote nitakapoona maduka. Njoki anabaki na ng'ombe, lakini amenipa maneno mengi ya kukuletea na nimeshasahau nusu. Tutalala kwa rafiki yake Wendy hapo mjini usiku wa kuamkia siku yako, nisije nikakunyima usingizi kwa hadithi.

Nimewapigia hospitali kuuliza kama ndugu anaruhusiwa kusindikiza mpaka mlango wa thieta. Wamesema anaruhusiwa, mmoja tu. Kahiga nimemwambia ni mimi, na nadhani alishukuru.

Asubuhi hiyo ukiteremka kwenye gari, usinitafute kwenye viti vya wanaongoja. Angalia mlangoni. Nitakuwa nimesimama.

Wamae